Lundo Halili Chumvi

Lundo liliugua asubuhi ya Jumatatu, na wa kwanza kujua nilikuwa mimi, maana kulijua Lundo ndiko kunakonilisha.

Lundo likiwa zima hutoa maji ya buluu. Yanashuka kwenye mfereji wa plastiki, mazito kidogo, na ukichovya msumari ndani yake unautoa umevaa koti la shaba. Siku ile yalishuka maji ya njano, mepesi. Nikachovya msumari, nikasubiri, nikauchomoa vilevile ulivyoingia. Nikapanda ngazi mpaka mgongoni mwa Lundo, nikavua glavu, nikatia mkono katikati ya mawe. Baridi. Mawe yanayoliwa huwa na joto, kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. Haya yalikuwa mawe tu, ya kutengenezea barabara.

Nikakaa chini palepale juu, mtu mzima na mvi zangu, nikajiambia, "Sechelela, umekwisha."

Ngoja nieleze, maana wageni wakija hapa Itole hudhani tunaishi kwa sururu. Mawe ya kwetu yana shaba, lakini shaba yenyewe imefungwa pamoja na chuma na salfa. Zamani ili uifungue ulilazimika kuyachoma kwenye tanuri linalomeza umeme wa mkoa mzima na kutema moshi unaokausha mtama shambani. Siku hizi tunao wadogo. Ndivyo tunavyowaita. Ni bakteria, huwaoni kwa macho. Wanakula chuma na salfa ya kwenye jiwe kama sisi tunavyokula ugali, wanavuta hewa tunayowapulizia kwa mabomba kutoka chini, na wanachoacha nyuma yao ni asidi inayoiachia shaba. Unanyunyiza maji juu, unangoja, unakinga shaba chini. Hakuna moshi wala shimo la kumfukia mtu. Dunia nzima inalilia nyaya, na nyaya zinatoka matumboni mwa viumbe ambao hata macho hawana.

Wadogo wa kwetu wamefugwa na Kampuni yenye Lundo, kizazi juu ya kizazi, mpaka wakawa walafi kupita wote. Kazi ambayo wadogo wa porini wangeifanya kwa miaka, hawa wanaimaliza kwa msimu mmoja. Ila ulafi una ubovu wake. Mdogo anaogelea ndani ya asidi na haungui kwa sababu ngozi yake inaizuia asidi ibaki nje. Chumvi inaufungua mlango huo. Chumvi kidogo tu kwenye maji, ngozi inalegea, asidi inaingia, na mdogo anaungua kuanzia ndani. Wadogo wa porini wangeugua wakapona. Hawa wa Kampuni wanakufa, na uozo wao unawaua wenzao.

Ndiyo maana Itole hakuna chumvi. Dukani hakuna, jikoni hakuna, mfukoni mwa mtu hakuna. Maji yetu ni machache, hivyo kila tone linarudi Lundoni: ya kuogea, ya kufulia, ya chooni. Ukila chumvi wewe, Lundo limekula chumvi. Tunakula mboga chapwa, misuli inatukaza tukipanda ngazi, wanawake wanazimia wakijifungua, na tumezoea. Binadamu huzoea upuuzi wowote akiambiwa ndio unaomlisha.

Kulikuwa na Lundo la Kwanza, ng'ambo ya bonde. Lilikufa nikiwa mwali. Kampuni haikugombana na mtu. Ilifunga bomba la maji, ikang'oa pampu zake, ikaondoka. Watu wa kule walikuja kugonga geti letu na vidumu mikononi, na sisi hatukufungua. Sasa hivi kule wanaishi fisi.

Nikashuka, nikapima maji kwa mita. Mita ikasema chumvi. Sikushangaa, maana chumvi yenyewe niliitoa mimi.

*

Kwenye rafu ya maabara yangu kuna kichupa cha chumvi safi. Ndiyo chumvi pekee halali katika mji wote. Mita haiwezi kuitambua chumvi mpaka uionjeshe kwanza, na kazi ya kuionjesha ni yangu, kama ilivyo yangu kazi ya kutunza mbegu, yaani wadogo wa akiba wanaolala kwenye chumba cha baridi.

Mihambo alikuja kunikuta hapo wiki moja kabla Lundo halijaugua. Mihambo alikuwa fundi wa mabomba ya hewa, mzee kunizidi, Mnyamwezi. Mimi ni Mgogo. Kwa hiyo sisi ni watani, na katika maisha yake yote hakuwahi kunisalimia kama watu wanavyosalimiana. Akiniona tu: "Nyie Wagogo mmechoka kuombaomba barabarani, sasa mnawaomba wadudu?" Na mimi: "Mpagazi, tua mzigo upumzike, waliokutwika wameshakufa." Nikifiwa, anakuja kulala kaburini na kukataa lisifukiwe mpaka apewe kuku. Akifiwa, nakwenda kufanya hivyohivyo. Neno la mtani halishikwi. Mtani akikufunga kamba unajikomboa kwa kuku, mnacheka, yamekwisha. Na lile linalomshinda ndugu, kumchimbia kaburi nduguye au kuosha maiti iliyoharibika, hulibeba mtani.

Siku ile alisimama mlangoni, ameshika fremu.

"Ombaomba," akasema, "leo zamu yangu. Nimekuja kuomba mimi."

"Omba, mpagazi. Lakini nitakucheka kwanza."

"Mjukuu wangu anakwisha. Kalunde. Anahara maji, anatapika maji. Macho yamezama. Zahanati wamempa maji ya mchele na sukari."

"Si umpeleke hospitali ya nje?"

"Nimeomba ruhusa ya geti. Wamesema ombi langu limepokelewa."

Tukatazamana. Kila mama wa nchi hii anaijua dawa ya mtoto anayehara: maji, sukari, chumvi. Cha tatu ndicho kilichokuwa nyuma ya kichwa changu, kwenye rafu, na Mihambo hakukitazama hata mara moja. Alinitazama mimi.

Mtu mwenye moyo wa hesabu angeufunga ule mlango. Upande mmoja mji mzima unaokula kwa Lundo, upande wa pili kitoto kimoja kisichojua hata kutamka jina lake. Mimi sina moyo wa namna hiyo, na ninaomba Mungu asinipe. Nikamimina chumvi kwenye karatasi, nikaikunja.

"Nepi usifue," nikamwambia. "Choma. Chochote kinachotoka kwa huyo mtoto kifukie kwenye mchanga nje ya uzio. Na usimwambie mtu, hata mkeo."

"Mgogo akitoa kitu, mvua itanyesha," akasema, akatia karatasi kifuani.

Mtoto akapona. Mihambo akachoma nepi na kufukia vya kufukia kama tulivyoagana. Lakini Nyamizi, mkewe, hakuwa ameambiwa, na Nyamizi amelelewa na mama yake. Kwao mtoto akinusurika, ugonjwa unafuliwa: kanga zote alizobebewa, shuka, foronya, vinafuliwa kwa maji mengi na kuanikwa juani ili ugonjwa usijue njia ya kurudi. Alifua kutwa nzima akiimba. Jasho la mtoto, matapishi, vyote vikaingia kwenye mfereji, mfereji ukaingia Lundoni.

*

Mhandisi Rwechungura, mkuu wa Kampuni hapa Itole, alituita uwanjani, Mtaa wa Chini wote. Ni mtu wa sauti ya upole, hajawahi kumfokea hata mbwa. Amezaliwa na kukulia kwenye makambi ya Kampuni, leo nchi hii kesho nchi ile, na Kiswahili chake ni kisafi mno, hakina kwao.

"Chumvi haina miguu," alisema. "Imeletwa na mtu. Namtaka huyo mtu kabla jua halijazama. Nikimkosa, nafunga maji ya Mtaa wa Chini." Kisha akanigeukia. "Mama Sechelela, mbegu ipo?"

"Ipo."

"Unaweza kuiamsha?"

"Naweza."

"Nani mwingine anaweza?"

Nilitaka sana kutaja jina. Kuiamsha mbegu ni kuilisha jiwe kidogokidogo, leo unga, kesho chenga, huku unanusa na kugusa, na ukikosea unaua. Niliomba msaidizi kila mwaka, na Kampuni ikasema italitazama suala hilo.

"Hakuna mwingine," nikasema.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, akarudi ofisini. Mimi nikasimama niseme. Wallahi nilisimama. Mjomba wangu, Mzee Chilongola, aliyekuwa amekaa kando yangu, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Kaa chini."

"Mjomba, ni mimi."

"Nimeshajua ni wewe. Nani mwingine hapa ana chumvi? Ukisema, watakuchukua. Wakikuchukua, Lundo halitaamka. Lisipoamka, hawa watoto wote unaowaona wataenda kugonga mageti ya watu wakiwa na vidumu. Unakumbuka tulivyofanya sisi walipotugongea?"

Nikakaa. Mnaonihukumu, mngesimama nyie.

Ndipo Mihambo alipocheka. Alicheka kwa sauti, akajitokeza katikati ya uwanja huku amejishika kiuno. "Wagogo bwana! Mnamtafuta mbebaji wakati wapagazi tumejaa tele? Haya, nikamateni. Chumvi nimeileta mimi, nimeipakia kichwani kutoka pwani kama babu yangu alivyopakia pembe."

Watu wakalipuka kwa kicheko, na ule uoga wote wa tangu asubuhi ukatoka kwa mkupuo. Kila Mgogo pale alielewa: mtani amelibeba. Atakamatwa kiutani, atapelekwa kwa Mhandisi kiutani, Mhandisi atataja fidia, tutachanga. Vijana wakasokota kamba ya majani, wakamfunga mikono. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba akakamata jogoo wake mweupe akambana kwapani, akasema kama hatoshi tutaongeza mbuzi, tutaongeza hata ndama. Tukamsindikiza Mihambo mpaka mlangoni kwa Mhandisi tukiimba kwamba tumemkamata Mnyamwezi, na yeye akicheza mbele yetu, akijikwaa makusudi.

Aliponipita alininong'oneza, "Nenda kawalishe wadudu wako. Hapa nimefika mimi."

Mhandisi akatoka, akaangalia ile kamba ya majani.

"Amekiri?"

"Amekiri!" watu wakasema, wakicheka.

"Mashahidi ni nani?"

"Sisi sote!"

Akamtazama Mihambo. "Ni kweli, mzee?"

"Kweli kabisa, bwana mkubwa. Taja bei yangu, ila usinipandishe sana, Wagogo hawana kitu."

Mhandisi hakutaja bei. Aliwaashiria walinzi, wakamchukua Mihambo taratibu, wakaingia naye, mlango ukafungwa. Wengine bado walikuwa wanacheka. Mjomba alibaki pale na jogoo kwapani, akingoja kuitwa.

*

Kampuni haina jela, na ukiwauliza watakuambia haina adhabu. Ina Chumba cha Usafi. Mtu aliyeshika chumvi au kuiingiza mwilini ni mchafu, na mchafu husafishwa. Unawekwa kwenye chumba cha kioo chenye joto, unanyweshwa maji matupu, yale yaliyochemshwa yakawa mvuke yakarudi kuwa maji, hayana hata ladha ya jiwe. Unakunywa, unatoka jasho, unakojoa, unakunywa tena. Kila jasho linapotoka linaondoka na chumvi kidogo. Mtu wa mita anapima jasho. Mita ikisema hakuna chumvi, umekuwa safi, unakwenda nyumbani.

Ubaya ni kwamba mwili hauwezi kuishi bila chumvi. Nyama inahitaji, moyo unahitaji, ubongo unahitaji kuliko vyote. Maji matupu yakizidi, ubongo unavimba ndani ya fuvu lake, na fuvu halitanuki. Vijana wawili watatu walishatoka mle wakiwa safi, na mpaka leo wanatembea wameshika ukuta. Mihambo alikuwa mzee, na kama sisi wote, hakuwa na akiba ya chumvi ya kuanzia.

Mtu wa mita ni mimi.

Siku ya kwanza alinipokea vizuri. "Umeona, Mgogo? Nchi kavu hii, mimi napewa maji bure. Wivu utakuua."

"Kunywa polepole, mpagazi."

"Nikinywa polepole wananisaidia kunywa."

Nikakausha kwapa lake kwa kitambaa, nikapima. Mita ikaonyesha chumvi kidogo. Mlinzi akaongeza bilauri.

Nilikuwa nimejiandaa. Asubuhi ile nilificha punje za chumvi chini ya kucha ya kidole gumba, nikakusudia nimpitishie midomoni wakati namfuta uso. Nilimpitishia, akailamba, akanielewa, akafumba macho kama mtoto anayenyonya. Kesho yake mita ikapanda, na kwa kuwa ilipanda, wakamwongezea maji maradufu. Ndivyo mtego ule ulivyotegwa. Nikimpa chumvi, wanamnywesha zaidi. Nisipompa, anakwisha. Nikitaka kudanganya kwamba ameshakuwa safi, Mhandisi ana mita yake ya pili, na hupima baada yangu. Nilitoka mle nikaenda kulisha mbegu, kwa sababu mbegu nayo haingoji.

Na mbegu ilikuwa inaamka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwamba mikono yangu ilikuwa inafanya kazi nzuri. Matangi yalianza kutoa harufu yake ya yai lililooza na kutu. Nikawapandisha wadogo Lundoni, ndoo kwa ndoo, na mawe ya upande wa mashariki yakaanza kupata joto.

Wazee walikwenda kwa Mhandisi na mbuzi. Mjomba ndiye aliyenisimulia. Aliwakaribisha, akawapa viti, akasikiliza kila neno. Walimweleza utani ni nini, tangu enzi za vita vya Wagogo na Wanyamwezi na jinsi walivyopatana. Akauliza maswali, kama mwanafunzi mzuri. Kwamba neno la mtani halishikwi? Halishikwi. Hata akisema ameua? Hata akisema ameua. Wakamwomba ataje fidia.

"Kwa hiyo mzee Mihambo hakuleta chumvi," alisema Mhandisi. "Mlikuwa mnatania. Basi nipeni aliyeileta, niyaache maji yenu."

Wazee wakafungua mbuzi, wakarudi nao.

"Na wewe, mjomba?" nikamuuliza. "Hukusema kitu?"

"Nilisema asante kwa viti," akajibu, akaanza kulia.

*

Siku moja nilipoingia Chumba cha Usafi, Mihambo alikuwa amekaa wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kichwa kimeinamia upande. Uso ulikuwa umevimba. Nilisimama mbele yake nikangoja tusi langu. Nililihitaji lile tusi kuliko chakula.

Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mzee yule, kanizidi umri wa kunizaa, hajawahi kunisalimia hata kwenye harusi yangu, ananiamkia mimi. Nikajua hayumo tena. Nilikitupa kitambaa, nikatoka mbio na mita mkononi mpaka ofisini, nikafungua mlango bila kubisha.

"Ni mimi," nikasema. "Chumvi ni yangu. Nilimpa Mihambo amnusuru mjukuu wake. Mtoe mle ndani, niweke mimi."

Mhandisi aliacha alichokuwa anafanya. Akanivutia kiti, sikukaa.

"Nina ushahidi," nikasema, nikaweka kichupa mezani. "Tazama kilivyopungua."

Akakiinua, akakitikisa, akakirudisha mbele yangu. "Ni cha kurekebishia mita. Ukitumia kinapungua. Ndiyo kazi yake."

"Unajua ninasema kweli."

"Mama Sechelela, mtoto anayehara vile, kwenye mji usio na chumvi, hapati nafuu kwa maji ya mchele. Nilijua tangu siku niliposikia Kalunde anacheza nje." Alisema hivyo kwa sauti yake ileile ya kubembeleza. "Lakini nikikuamini, sheria inanitaka nikusafishe. Nikikusafisha, Lundo linakufa. Na nisipomsafisha mtu yeyote, kesho kila nyumba ina chumvi uvunguni. Kwa hiyo nimeamua unanitania. Wazee wamenifundisha vizuri sana. Neno la mtani halishikwi, si ndivyo?"

"Mimi na wewe si watani."

"Wewe na yeye ni watani. Unamtania kupitia kwangu."

Nikamwambia nitaiacha mbegu ife. Nikamwambia nitapanda Lundoni na kichupa hiki hiki na nitakimwaga chote. Na nilikusudia kila neno.

Hakuitikisa hata kalamu. "Kimwage," akasema. "Halafu Kalunde atakunywa nini?"

Kisha nikachukua mita yangu na kichupa changu, maana ningeviacha angemtuma mtu aniletee, nikatoka. Nilipita nje ya kile chumba cha kioo. Walikuwa wanamnywesha, na alikuwa anakunywa bila ubishi, na baada ya kila bilauri alikuwa anamshukuru mlinzi.

Alikufa mchana wa siku iliyofuata kwa degedege, mtu mzima, kama mtoto mwenye homa. Nilipima jasho lake la mwisho kama nilivyotakiwa. Mita ikasema hakuna chumvi. Mhandisi akapima baada yangu, akakubali, akampa Nyamizi ruhusa ya kuzika mahali popote anapotaka, maana marehemu ni safi.

*

Kaburi tulilichimba sisi Wagogo, kama inavyopasa. Lundo lilikuwa limerudia joto lake, maji ya buluu yalikuwa yanashuka, Kampuni ikatupa mapumziko ya nusu siku, na mji wote ulikuja. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye mkeka, amembeba Kalunde mapajani, anatazama mbele hasemi wala halii. Watu walikuwa wanamwogopa. Wakanigeukia mimi.

"Mtani wake yuko wapi?" wakaulizana. "Msiba gani huu hauna utani? Mzee wa watu anazikwa kama mgeni."

Mjomba akanisukuma mgongoni.

Nikaenda. Nikashuka kaburini kabla ya jeneza, nikalala chali kwenye udongo, nikasema haingii mtu humu. Wakaanza kutabasamu.

"Huyu hamumziki," nikapaza sauti, "mpaka mjue kafa kwa nini. Nimemuua mimi. Chumvi ilikuwa yangu! Niliitoa kwenye rafu yangu kwa mkono huu, nikamtwika, na mpagazi hajui kukataa mzigo. Alipokamatwa nikakaa kimya. Nilimpima kila siku, nikamwangalia anakwisha, nikaenda nyumbani nikala."

Wakacheka. Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana, kikaja mbele. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi, wanashikana mabega, wanafuta macho kwa kanga. Nikasema tena, taratibu, nikitaja siku na karatasi na kucha yangu ya kidole gumba. Mtu mmoja akasema Mgogo huyu ana kipaji, hajawahi kuona. Nikamtafuta mjomba kwa macho, yeye aliyekuwa anajua, na yeye alikuwa anacheka kuliko wote, mdomo wazi, machozi yanamchuruzika. Wakanitoa kwa kunivuta mikono, wakanipa kuku wangu wa utani, jeneza likashuka, udongo ukaingia.

Watu walipoanza kutawanyika, Nyamizi alinyanyuka akaja kwangu. Uso wake ulikuwa umelegea, umekuwa uso wa mtu tena. Akanishika mikono yote miwili.

"Ahsante, mtani," akasema. "Nilikuwa nimekauka. Wewe ndiye uliyenifungua."

"Nyamizi, nisikilize. Nilichosema mle kaburini ni kweli. Kila neno."

Akacheka, akanipiga kofi dogo begani kama anavyopigwa mtu aliyezidisha.

"Yatosha sasa," akasema. "Kaburi limeshafukiwa."